Waliohama Bila Kuondoka: Risala ya Watumishi wa Kituo cha Afya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya. Daktari wetu msimamizi. Viongozi wa mtaa. Mwalimu wetu kutoka chuo kikuu. Nanyi wagonjwa mliokuja kwa miadi mkajikuta mmo katika sherehe: tunawasalimu nyote kwa heshima.

MAKARIBISHO NA SHUKRANI

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja. Ziara hii iliahirishwa mara mbili na ukaja kwa mara ya tatu. Wagonjwa wetu wengi hawakuweza kufanya hivyo, na risala hii itaeleza kwa nini.

Tunakushukuru kwa banda hili la kusubiria unalolizindua leo. Lina viti mia moja na ishirini, paa lisilovuja, na feni nne, ambazo tatu zinazunguka. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walisubiri juani wakiegemea ukuta wa maabara, na ukuta una alama za migongo yao hadi leo. Shukrani zetu kwa banda hili ni za kweli, na tunaomba zikumbukwe tutakapofika sehemu ya risala ambapo zinaweza kutiliwa shaka.

Shukrani kubwa zaidi ni kwa jambo ambalo huenda umelisahau. Mwaka jana ulisaini kwa mkono wako barua ya mistari mitano, ukimruhusu mwalimu wa chuo kikuu kukaa nasi kwa alasiri kumi na mbili na kuchora kwenye ukuta wa stoo ya nyuma. Barua za ofisi yako zinazotufikia kwa kawaida ni ndefu kuliko hiyo. Hakuna nyingine iliyotufanyia kazi kubwa kama ile.

TULIKOTOKA

Kila Jumatano kituo hiki huendesha kliniki ya presha. Mtu hupimwa, hupewa dawa za mwezi mmoja, na huambiwa arudi. Miaka mitatu iliyopita tulianza kuona mambo mawili ambayo hayakupaswa kutokea pamoja. Katika ripoti, wagonjwa walioacha matibabu walikuwa wachache mno: tisa, saba, wakati mwingine wanne kwa mwezi. Katika wodi, waliopooza upande mmoja wa mwili kwa kiharusi waliongezeka kila msimu.

Ripoti zilitupa nafasi ya pili kati ya vituo ishirini na vitatu. Tulipewa cheti, na tukakitundika kwenye korido inayoelekea wodini, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa wa kiharusi walipata muda wa kutosha wa kukisoma.

Maelezo rasmi yalikuwa kwamba wananchi hawana elimu. Basi zikaja kampeni za upimaji, zenye spika na fulana. Watu walijitokeza kwa wingi, wakapimwa, wakaandikishwa. Viharusi vikaongezeka. Ikaja kampeni nyingine.

Hapo ndipo alipofika mwalimu wa chuo kikuu. Tulimpa jina la Mishale ndani ya saa moja, kwa jinsi alivyochora mishale kila alipoeleza jambo, naye ameendelea kulitumia. Alituambia kwamba anafanya kazi ya kuunda modeli za mienendo ya mifumo. Dereva wetu wa gari la wagonjwa akamuuliza kama hiyo inatibu kitu. Mishale akajibu kwamba haitibu chochote, bali inaonyesha ni kwa nini tiba mliyo nayo haifiki, au inafika na kurudi ikiwa na madhara. Dereva akasema, "Angalau huyu hajaanza kwa kutudanganya," akavuta ndoo akaikalia.

UKUTA WA STOO

Mgeni rasmi, kwa faida ya majirani waliopo tueleze kwa ufupi. Chukua pipa. Juu lina bomba la kuingiza maji, chini lina matundu ya kutoa. Ukitaka kujua kwa nini pipa halijai, hutazami maji yaliyomo tu. Unatazama yanayoingia, yanayotoka, na kama kinachotoka kinarudi kwa njia nyingine kufungua au kufunga bomba la juu. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Yaliyobaki ni hesabu, na hesabu aliziachia kompyuta yake.

Pipa letu la kwanza lilikuwa wagonjwa wanaotumia dawa. Bomba la juu: wanaogunduliwa katika kampeni. Matundu ya chini: kufariki na kuhama, pamoja na kitundu kidogo cha wanaoacha matibabu. Namba zote tulizitoa katika ripoti zetu. Kompyuta ikachora mstari, na mstari ukalala juu ya ripoti zetu kama shuka juu ya kitanda. Tukapiga makofi.

Mishale hakupiga. Alisema modeli inayokubaliana na ripoti zetu kwa kila kitu imejifunza ripoti, haijajifunza mtaa. Kisha akaonyesha kwamba kwa pipa lile viharusi vilipaswa kupungua kwa theluthi moja.

"Kwa hiyo hao wa wodini wanatoka wapi?" akauliza.

Akaligonga kwa chaki tundu la waliohama.

"Hili ndilo kubwa kuliko yote. Watu mia nne na kumi na wawili kwa miaka mitatu. Wanahamia wapi?"

"Wanahamia kwao," akasema muuguzi mkuu.

"Kwao ni wapi?"

"Mwalimu, wewe chora tu. Watu wanahama. Ni jambo la kawaida."

Mlinzi wetu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amealikwa katika kikao kile. Alikuwa amekuja kuuliza nani ameacha baiskeli getini.

"Samahanini wakubwa," akasema. "Watu mia nne wakihama mtaa huu, si vyumba vingekuwa vitupu? Mimi natafuta chumba mwaka wa pili sasa. Nimepiga hodi kila nyumba kutoka hapa mpaka kiwanda cha matofali. Sijaona hata kimoja."

Hakuna aliyecheka, ingawa dereva alijaribu. Wote tukageuka kumtazama mtu mmoja.

Mgeni rasmi, mtu huyo ni mwenzetu mtunza kumbukumbu, ambaye kituo kizima humwita Mama Kadi. Hana mtoto wa jina hilo. Ni jina ambalo hakuliomba wala hakulikataa. Ana miaka kumi na moja kwenye dirisha la usajili. Anaweza kuipata kadi yako kabla hujamaliza kutaja jina, na hukasirika ukiirudisha imekunjwa. Ametupa ruhusa kueleza yafuatayo, kwa sharti kwamba tusiyapambe.

Siku ile stoo, Mama Kadi alisikia masikio yake yakipata moto. Alijua jibu kabla mlinzi hajamaliza kusema. Mwaka wake wa kwanza kazini alikabidhiwa fomu yenye visanduku vitatu tu: yupo, amefariki, amehama. Hapakuwa na kisanduku cha mtu ambaye ameacha tu kuja. Wanaoripotiwa kuwa wameacha matibabu, ambao huandikwa pembeni mwa fomu, ni wale wachache waliofika dirishani kusema kwa mdomo wao kwamba hawataki dawa tena. Alimuuliza bosi wa wakati ule aandike nini kwa mtu asiyeonekana kwa miezi mitatu. Bosi, ambaye sasa ni mstaafu na tunamtakia kila la heri, alimjibu bila kuinua macho: "Si hayupo? Andika amehama." Akaandika. Akatafuta boksi, akalibandika karatasi yenye neno WAMEHAMA, akalisukuma chini ya meza. Boksi lilipojaa alitafuta la pili. Lilipojaa la pili hakujiuliza. Anasema hicho ndicho kinachomsumbua: kwamba mtu anayekasirikia kadi iliyokunjwa hakujiuliza.

"Hawajahama," akasema pale stoo, kwa sauti ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia kwake. "Ni mimi ndiye niliyewahamisha."

FUNDI CHEREHANI

Kesho yake mchana alivuta boksi la kwanza, akachukua kadi iliyokuwa juu, akasoma jina. Akaketi. Ilikuwa ya fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na lango la nyumba anayoishi yeye. Fundi huyo ndiye aliyemshonea sare aliyokuwa ameivaa. Mama Kadi humpita kila asubuhi, na kila asubuhi humsalimia.

Jioni hiyo, kukiwa bado na mwanga, alisimama mbele ya cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sare imebana tena?"

"Sare haina neno. Nimekuja kwa ajili ya kadi yako ya presha. Imeandikwa kwamba umehama."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali.

"Nimehama lini?"

"Mwezi wa tano, mwaka juzi."

"Nikahamia wapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi ukipajua uniambie, nikachukue vitu vyangu. Huenda huko nina kibanda kikubwa zaidi."

Fundi akaona kwamba mzaha wake haujapokelewa, akakunja kitambaa kilichokuwa mkononi.

"Nilikuja mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza nilitoka pale saa tisa alasiri, wateja wamenipigia simu mpaka betri ikafa. Mara ya pili tukaambiwa muuguzi amempeleka mgonjwa wa kiharusi hospitali ya rufaa, tusubiri. Tukasubiri, hakurudi. Mara ya tatu ulikuwa wewe mwenyewe dirishani. Ukaniambia, 'Baba, foleni imefungwa, rudi kesho.' Kesho nilikuwa na sare za shule nzima za kushona. Ndiyo ikawa hivyo."

"Na dawa?"

"Dawa ziliisha. Nilijisikia vizuri tu." Akaweka kitambaa juu ya cherehani. "Lakini mwanangu, kila siku unapita hapa unanisalimia. Mbona hukuniuliza?"

Swali hilo Mama Kadi aliliandika nyuma ya kadi ya fundi, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. Muuguzi alipompima fundi Jumatano iliyofuata, mashine ilisoma mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na sita. Muuguzi alidhani mashine imeharibika, akaleta nyingine. Ya pili haikuwa na huruma zaidi.

MAFANIKIO

Kwa kutumia maneno hayo ya fundi, Mishale alitoboa pipa letu upya. Tundu kubwa sasa liliitwa kuchoka foleni, na lilimwagikia pipa la pili: watu waliopo mtaani, wenye presha, wasio na dawa. Kutoka pipa hilo mshale ulikwenda kwenye kiharusi. Kutoka kiharusi mshale ulikwenda kwa muuguzi, kwa sababu kila mgonjwa wa kiharusi husindikizwa hospitali ya rufaa na muuguzi, na siku nzima hupotea. Muuguzi akiondoka foleni hurefuka. Foleni ikirefuka watu huchoka. Mshale ukawa umerudi ulikoanzia.

Palikuwa na mshale mwingine. Viharusi vikiongezeka, ripoti huenda ngazi za juu, kutoka huko huja kampeni, kampeni huleta mamia ya wapya kwa wiki moja, foleni hurefuka, wa zamani huchoka. Mgeni rasmi, mshale huu ulipita katika ofisi yako. Tulijadiliana kwa nusu saa kama ni adabu kuuchora. Hatimaye tuliuchora, kwa chaki hafifu.

Tulipomaliza tulibaini kwamba hapakuwa na mtu mbaya katika ukuta ule. Jambo hili lilituudhi kidogo, maana kila mmoja wetu alikuja na wake.

Kisha Mishale akaiuliza kompyuta maswali matatu. Tukijenga banda kubwa la kusubiria? Kompyuta ikaonyesha kwamba idadi ya wanaosubiri kwa starehe itaongezeka, na idadi ya wanaohudumiwa haitabadilika. Tunalisema hili tukiwa tumeketi ndani ya banda, na shukrani zetu ziko palepale. Tukiongeza muuguzi mmoja? Nafuu ya miezi minne, kisha kampeni moja inaimeza. Tukiwapa wagonjwa ambao presha yao imetulia dawa za miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, na wakati huohuo tukawafuata walioitwa wamehama? Hapo mstari wa viharusi uliinama. Lakini kabla ya kuinama ulikaa pale pale kwa wiki tisa, na mistari mingine yote ikawa mibaya: foleni, takwimu, hasira.

"Mtaonekana mmeharibu," Mishale akatuambia. "Wiki ya sita ndiyo itakuwa mbaya kuliko zote. Mkiacha wiki ya sita, mtakuwa mmelipia ubaya na kuukimbia uzuri. Mnataka?"

"Tutaulizwa," akasema daktari msimamizi.

"Mtaulizwa," Mishale akakubali.

Mama Kadi ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

Watumishi kumi na tisa tuligawana kadi. Mlinzi alichukua hamsini, kwa kuwa milango aliijua tayari. Matokeo ni haya. Kati ya watu mia nne na kumi na wawili, waliohama kweli ni thelathini na mmoja. Mia tatu ishirini na watatu walikuwepo, wengine hatua chache kutoka geti letu. Hamsini na wanane walikuwa wamefariki.

Hawa hamsini na wanane Mama Kadi alisisitiza kuwaandika yeye mwenyewe. Hatudai kwamba wangepona. Wapo waliokuwa na maradhi mengine, na sisi si watu wa kudai tusichokijua. Mjane mmoja alimwambia mlangoni, bila lawama, "Mwenzangu alikuwa akisema atakuja Jumatano. Kila wiki alikuwa akisema Jumatano." Mama Kadi alishukuru, akarudi kituoni, akabadilisha neno moja kwenye kadi. Siku hiyo alifunga dirisha kwa wakati, akaenda nyumbani bila kutuaga, jambo ambalo si desturi yake.

Mgeni rasmi, leo ni wiki ya ishirini na mbili. Waliorudi kliniki ni mia mbili sitini na mmoja. Kompyuta ilitabiri mia mbili, kwa hiyo ilikosea, na tunaiandika kama ilivyokosea. Foleni iliyokuwa ya saa tano sasa haifiki saa moja. Viharusi katika miezi mitatu iliyopita ni vinane. Miezi kama hiyo mwaka jana vilikuwa kumi na saba. Ni namba ndogo, na mtu makini anaweza kusema ni bahati. Sisi pia tumesema. Tunaomba tu ruhusa ya kuendelea kuhesabu hadi tujue.

Fundi cherehani yumo humu bandani. Presha yake wiki iliyopita ilikuwa mia moja thelathini na nne kwa themanini na sita. Amekataa kusimama apigiwe makofi, akisema atapoteza kiti.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ukurasa huu tumeuandika mara sita.

Wiki ya sita ilifika kama ilivyotabiriwa. Kwa kurudisha kadi mahali pake, idadi ya walioacha matibabu katika ripoti yetu ilipanda kwa mwezi mmoja kutoka tisa hadi mia tatu thelathini na wawili. Kituo kilichokuwa cha pili kati ya ishirini na tatu kikawa cha ishirini na tatu. Ripoti ya nusu mwaka ilifungwa wiki hiyohiyo. Ilisafiri, ikajumlishwa, ikasomwa. Wiki ya ishirini, foleni ikiwa imekwisha kupoa, tukapokea barua inayozungumzia wiki ya sita.

Barua hiyo haikuandikwa kwa kituo. Imeandikwa kwa Mama Kadi peke yake. Inamtaka aeleze, kabla ya Jumatatu ijayo, kwa nini asiondolewe katika kazi ya kumbukumbu kwa kosa la kuharibu takwimu; na inamwagiza arejeshe kadi zote kama zilivyokuwa awali. Imesainiwa kwa niaba yako. Tunafahamu kwamba mtu mwenye kazi nyingi husainiwa mengi.

Aliisoma katika chumba cha chai, amesimama.

"Wanataka nieleze kwa nini nimeharibu takwimu," akasema.

"Waeleze kwamba umezitengeneza," akasema mfamasia.

"Dada, nisikilize mimi," akasema dereva. "Rudisha hizo kadi kwenye boksi, Jumatatu ipite, maisha yaendelee. Boksi lenyewe lipo hapo chini ya meza. Nani atajua?"

"Na dawa? Stoo kuu inatuletea dawa kwa idadi ya kadi zilizo hai. Nikizirudisha, watu mia mbili sitini na mmoja watakuja dirishani na dawa zao hazikuagizwa."

"Tutagawana zilizopo."

"Na fundi nitamwambia nini? Kwamba amehama tena?"

Dereva alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. Kisha akasema, "Basi andika kwamba na mimi nilibeba kadi. Arobaini na moja. Andika na namba ya gari."

Hakuandika hivyo. Maelezo yake ameyaweka kwenye karatasi kubwa, na mpaka jana jioni yalikuwa mstari mmoja: "Hawakuwa wamehama." Tulimshauri aongeze. Aliongeza tarehe.

Tunajua anachokiogopa, kwa sababu alikisema mara moja tu na hakukirudia. Hakuogopa kuhamishwa. Aliogopa kwamba atakayekalia kiti chake ataikuta fomu yenye visanduku vitatu, atauliza aandike nini, na ataambiwa.

MAOMBI

Tunalo ombi moja kubwa na mawili yanayoweza kusubiri. Kusubiri tunakufahamu.

Yanayoweza kusubiri ni haya: fomu iongezwe kisanduku cha nne, kitakachoandikwa "hajarudi, hatujui", na kabla ya kampeni ijayo, ofisi yako itutumie mtu mmoja akae nasi mbele ya ukuta wa stoo kwa alasiri moja. Chaki tunazo. Mshale ule wa chaki hafifu tutaukoleza au tutaufuta, kadiri atakavyotuonyesha.

Ombi kubwa ni kwamba barua ile iondolewe. Kama utaratibu hauruhusu kuiondoa, basi tunaomba iandikwe upya kwa majina kumi na tisa, maana kadi zile hazikubebwa na mkono mmoja. Orodha ya majina tumeiambatisha nyuma ya risala hii, kila mmoja na idadi ya milango aliyoigonga. Wa kwanza ni daktari msimamizi, na wa mwisho ni mlinzi, ambaye aliomba awe wa mwisho ili asionekane anajipendekeza.

Wala hatusemi kwamba Mama Kadi hana kosa. Kosa analo, la miaka kumi na moja, na sisi tulilifurahia pamoja naye na kulipokelea cheti. Tunachosema ni kwamba barua haikuja wakati anakosea. Ilikuja alipoacha.

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, utakuwa umeona kwamba hatujamwita asimame. Hayumo humu. Leo ni Jumatano, na alisema kliniki haiwezi kufungwa kwa sababu ya sherehe ya mahali pa kuisubiria. Yuko dirishani, upande wa pili wa ukuta huu.

Tulimwomba aje akueleze kwa mdomo wake, kabla ya Jumatatu, kile ambacho karatasi yake haikueleza. Alijibu kwamba ukitaka kusikia, dirisha liko wazi kwa kila mtu. Tulimwomba basi, kwa heshima ya cheo chako, akupitishe mbele. Alikataa. Alisema katika kituo hiki anayepitishwa mbele ni mwenye dharura tu, na akatuuliza kama unayo.

Kwa hiyo tumekuchukulia namba. Ni ya nane. Mbele yako wako watu saba, na dirisha letu sasa hutumia dakika nne kwa mtu. Utasubiri dakika ishirini na nane. Jirani yako katika foleni atakuwa mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye anapenda mazungumzo na aliwahi kuhamishwa na sisi kwa mwaka mmoja na nusu. Ratiba yako tuliyopewa inaonyesha nusu saa ya chai. Chai tutakuletea hapohapo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na presha isiyomshangaza muuguzi, akupe subira kwa mambo yanayochelewa kuzaa, na awapumzishe kwa amani wale hamsini na wanane ambao tulichelewa kuwauliza. Asante kwa kufika kwetu, asante kwa barua ya mistari mitano, na asante kwa banda.

Ni sisi,
Watumishi wa Kituo cha Afya, Kikundi cha Ukuta wa Stoo:
kumi na wanane tuliosimama mbele yako, na mmoja aliye kazini.